Mimi, Shemeji Yenu na Upepo wa Barabara ya Morogoro

Wanandoa wengi ninaowafahamu wanagombana kwa ajili ya simu, hela au ndugu. Sisi tuligombana kwa ajili ya upepo. Ndiyo, upepo, huu huu wa Mungu usiolipiwa kodi. Na kilichotupatanisha ni kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa sinia la wali, ambacho nilikinunua Kariakoo baada ya kuvutana bei mpaka mate yakanikauka.

Mpenzi msomaji, nikupe picha kwanza. Shemeji yenu anafanya kazi Morogoro, mimi nahariri kurasa hizi hapa Dar. Ndoa yetu ina kilomita kama 190 katikati yake. Kila baada ya wiki mbili mmoja anamfuata mwenzake, na zamu yangu ikifika huwa sipandi basi. Napanda pikipiki yangu, Honda ya cc 250 yenye taa ya duara, mtumba kutoka Japani. Leseni yangu ina daraja A, helmeti yangu ni ile ya kufunika uso mzima, koti la maana ninalo na glavu ninazo. Mama mkwe alishasema yake yote mwaka ule wa kwanza, sasa amechoka. Siku hizi ananiuliza tu kama matairi yana upepo wa kutosha.

Tatizo halikuwa pikipiki, tatizo lilikuwa hali ninayofika nayo. Jumamosi naondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, saa nne niko Msamvu. Shemeji yenu ameshaandaa chapati na supu, na stori za wiki mbili zimemjaa kifuani. Mimi naingia ndani shingo imekakamaa kama ubao, mikono inatetemeka, masikio yanalia wiiii kama redio iliyokosa stesheni. Ananiambia kitu, namjibu "eeh?" Anarudia, "eeh?" Mara ya tatu anaacha. Nakula nusu chapati, najitupa kitandani, nikiamka ni saa nane mchana. Jumapili saa sita natakiwa niwe njiani tena. Wewe piga hesabu hapo ndoa inabakiwa na masaa mangapi.

Siku moja akaniambia taratibu, bila hata kupandisha sauti: "Mama, mimi namsubiri mke wangu wiki mbili, halafu pikipiki inaniletea gunia la mkaa. Linashushwa mlangoni, linalala." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kwamba treni ya SGR ipo tangu Juni 2024, Dar mpaka Morogoro chini ya masaa mawili, umekaa kwenye kiti na kiyoyozi chako, unafika unanukia. Na kwamba kuna jamaa ofisini kwao anaitaka ile Honda, hela mkononi, mwisho wa mwezi.

Kusema kweli hoja ya treni ni nzuri. Wakati wa masika naipanda na naifurahia. Lakini ile barabara ni masaa manne ambayo simu haiwezi kunipata, bosi hawezi kunipata, wala mwandishi aliyechelewesha makala hawezi kunipata na visingizio vyake. Wengine wana saluni, mimi nina Chalinze. Nikamwambia: "Baba, nipe miezi miwili. Nikiendelea kufika gunia, muite mteja wako." Akakubali, kwa shingo upande.

Sasa tuongee kuhusu huyo upepo, maana watu wengi wanadhani ni kubembelezwa tu usoni kama kwenye video za muziki. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na spidi. Ukiongeza spidi mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Ndiyo maana ukiwa Kimara kwenye foleni unajiona malkia, lakini ukishavuka Mlandizi ukaachia 80, kuna mtu asiyeonekana ameweka viganja viwili kifuani kwako anakusukuma nyuma. Ili usirudi nyuma unang'ang'ania usukani. Ukiung'ang'ania, mikono inachoka, mabega yanapanda mpaka yanakutana na masikio, shingo inabeba helmeti inayotaka kuruka. Hiyo dakika moja si kitu. Masaa manne ni kama umetwanga mpunga.

Halafu kuna msimu. Sisi watu wa pwani tunaijua kusi na kaskazi kwa habari za majahazi na samaki, lakini ukiwa juu ya pikipiki unazijua kwa mbavu. Kuanzia karibu na Aprili mpaka Septemba kusi inavuma kutoka kusini-mashariki. Nikielekea Morogoro inanisukuma mgongoni kwa pembeni, raha. Nikirudi Dar Jumapili, kwenye uwazi wa Ruvu ambako hakuna mti wala nyumba ya kuizuia, inakuja mbele upande wa kulia. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikukuta uso kwa uso na wewe unakwenda 80, kwa kifua chako hiyo ni 100, na nguvu yake inazidi ile ya 80 kwa zaidi ya mara moja na nusu. Na mabasi je? Basi likipishana na wewe, kwanza linakusukuma, halafu linakuvuta. Malori yanayokwenda Tunduma wala sitaki kuyataja.

Na kelele. Hili ndilo lililokuwa linamkasirisha shemeji yenu bila yeye kulijua. Ile sauti ndani ya helmeti si ya injini, ni ya upepo, na kwa spidi ya barabara kuu inapita desibeli 90. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya masaa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu: 88 masaa manne, 91 masaa mawili. Sasa mimi nilikuwa nakaa mle manne. Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kwenda Kariakoo, ni kununua vizibo vya sponji vya masikioni famasi. Unavibinya, unaingiza sikioni, vinafura vyenyewe. Honi bado unaisikia, ngurumo ya upepo inabaki mbali. Kama unaendesha safari ndefu na hutabeba ushauri mwingine wowote wa makala hii, beba huo.

Lakini kizibo hakizuii mkono kuchoka. Hapo ndipo linapokuja suala la kioo cha upepo. Wakubwa wenye pikipiki kubwa wanalijua siku nyingi. BMW walitoa R90S mwaka 1973 ikiwa na kikava kidogo kuzunguka taa, mchoro wa Hans Muth, na mwaka 1976 wakaja na R100RS yenye bodi nzima ya mbele iliyopimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina kule Italia. Huko Marekani, Craig Vetter aliuza kwa maelfu kava lake kubwa aliloliita Windjammer, ambalo ni jina la merikebu ya matanga. Nililipenda hilo, mtu wa kuzuia upepo anatafuta jina kwa wanaouishi.

Mimi sikutaka merikebu. Nilitaka kidau. Kuna vioo vidogo vinavyotengenezwa kukaa juu ya taa yoyote ya duara, vinakuja na breketi zake na boliti. Tunaita kioo ila ni plastiki ngumu. Kwa fundi pikipiki kila kinachokuonyesha upande wa pili ni kioo. Muuzaji Kariakoo alinikomalia nichukue kirefu, kinachofika mpaka puani. "Sista, hiki kitakukinga mpaka mvua." Nikakikataa, na nitakwambia sababu. Kioo hakiui upepo, kinauhamisha. Upepo unapanda juu ya ukingo wake, na pale unapoachana na ukingo unavurugika, unajikunja kama maji nyuma ya jiwe mtoni. Ule mvurugiko ukiangukia kwenye helmeti, kichwa kinapigwa makofi njia nzima na kelele inakuwa mbaya kuliko ungekuwa huna kioo kabisa. Kwa hiyo unachagua: kioo kirefu sana ambacho kichwa chote kinajificha nyuma yake, au kifupi kinachoondoa upepo kifuani na kuacha kichwa kwenye hewa safi iliyonyooka. Cha katikati, mtu wa urefu wangu, ni adhabu. Nikachukua kifupi, cheusi kidogo, kwa shilingi 90,000 baada ya yeye kuanzia 150,000.

Kukifunga tulikwenda kwa fundi wangu wa Sinza, na nasema "tulikwenda" kwa sababu shemeji yenu wiki ile alikuwa Dar akasema lazima awepo. Alikaa kwenye benchi na soda yake kama mzazi aliyemleta mtoto kliniki. Kazi yenyewe haifiki saa moja. Zile boliti mbili zinazoshika taa pembeni zinatolewa, zinaingia ndefu zaidi, na breketi zinakaa hapo hapo. Kila panapokutana plastiki na chuma inawekwa washa ya raba, na boliti za kwenye plastiki zinakazwa kwa mkono mwepesi. Fundi wangu ana mkono wa kukaza nati za Scania, nikamwomba anipe spana. Plastiki ikibanwa sana inapasuka kwenye tundu, si siku hiyo, bali baada ya mitetemo ya wiki tatu, ukiwa Bwawani huna mtu.

Halafu, kabla ya kukaza moja kwa moja, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho. Waya wa klachi uvutike? Breki je? Indiketa inagusa? Kwetu waya wa klachi ulikuwa unabanwa na breketi ya kushoto kila usukani ukigeuka. Ikabidi upitishwe nyuma. Hili si la kufanyia haraka, maana kioo hiki kimeshikwa na usukani, hakikushikwa na fremu. Kinachokigusa, mikono yako inakisikia. Upepo wa pembeni ukikipiga, usukani unapata habari. Ndiyo maana safari ya kwanza tulianza na spidi 40, ikaja 60, tukisikiliza kama mbele panacheza, ndipo tukaruhusu 80.

Njiani kurudi nyumbani shemeji yenu akauliza swali ambalo nilijua linakuja. "Sasa upepo umepungua, si ndio utakwenda 120?" Hapo tukawekeana mkataba, na ni mkataba wa kweli, uko kwenye karatasi mlangoni mwa friji: 80 inabaki 80, penye kibao cha 50 ni 50. Kioo ni cha kufika nikiwa mtu, si cha kuwahi. Wanaume wengi, na samahani kwa wanaonisoma, wakifunga kitu kwenye chombo wanataka kwanza waone kimeongeza nini kwenye spidi mita. Mimi nilitaka kuona kimeongeza nini mezani saa nne asubuhi.

Na kiliongeza. Safari ya kwanza peke yangu nilifika Msamvu mabega yako mahali pake. Upepo ulikuwa unanigusa kuanzia kwenye koo kwenda juu, kifua kimetulia, mikono imeshika usukani kama inavyoshika kikombe. Vizibo masikioni. Nikala chapati tatu. Nikasikiliza stori yote ya bosi wake mpya kutoka mwanzo, na ile sehemu ya kikao, na aliyejibu nini, na nikauliza maswali. Saa nane mchana tulikuwa sokoni tunachagua viazi. Aliniangalia kwa jicho fulani hivi, lakini habari za mteja wa Honda hakuzigusa.

Ningeweza kuishia hapo, ila kuna mtu wa pili kwenye pikipiki.

Mwezi wa pili wa ule mkataba wetu, tulitaka kwenda Mikese kumwona rafiki, kama nusu saa kutoka mjini. Tukapanda wote, mimi mbele, yeye nyuma na helmeti yake. Shemeji yenu ana urefu wa futi sita na siti ya nyuma iko juu kuliko yangu. Hatujafika mbali baada ya Nanenane, helmeti yake ikaanza kuigonga ya kwangu, ko, ko, ko. Nikadhani ananiita. Nikapunguza mwendo, nikapaki pembeni. Akatoa helmeti, macho mekundu. "Mama, hicho kioo chako kinanipiga makofi." Mimi nilikuwa sina habari. Kwangu mbele ilikuwa shwari kama sebuleni. Ule upepo kioo kilioutoa kifuani kwangu kilikuwa kimeurusha juu ya mabega yangu, umejivuruga, halafu umeshukia pale pale kichwa chake kilipo.

Akakaa kwenye jiwe, akasema kitu ambacho bado nakikumbuka: "Kwa hiyo ukipumzika wewe, nalipa mimi." Alikuwa anatania, nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa ya miaka miwili ya kupishana Dar na Morogoro, ya nani amehama kwa ajili ya kazi ya nani, ya nani anamfuata nani. Tulikaa pale pembeni ya barabara labda dakika ishirini, malori yanapita, tukaongea mambo ambayo kitandani hatukuwahi kuyamaliza. Hayo ni yetu, nitawaachia hapo.

Turudi kwenye kioo. Wikiendi iliyofuata tulifanya utafiti, na hii naipendekeza kwa wachumba wowote wanaotaka kujuana. Unachukua vipande vya uzi wa sufi, urefu wa kidole, unavibandika kwa solotepu kwenye ukingo wa kioo, kwenye tangi, kwenye mikono ya koti la dereva. Barabara iliyo wazi na isiyo na magari, spidi 50. Uzi ukilala umenyooka, upepo unapita vizuri. Uzi ukicheza sindimba, hapo pana mvurugiko. Dereva anaangalia barabara, anayeangalia nyuzi ni wa nyuma. Na yeye huyo wa nyuma ndiye mwenye mkono huru wa kuunyanyua pembeni ya kichwa, anaushusha taratibu, anatafuta pale ambapo upepo unaacha kusukuma na kuanza kutikisa. Shemeji yenu aliifanya kazi hiyo kwa umakini wa daktari. Tukisimama, ananionyesha kwa kiganja: "Hapa. Unaanzia hapa, kwenye kidevu changu."

Dawa ilikuwa vitu viwili. Kwanza, tulikilaza kioo nyuma kidogo na kukishusha tundu moja kwenye breketi, ili upepo upite chini zaidi. Pili, na hii ndiyo iliyonishangaza, tulikiacha na mwanya chini, kati yake na taa, upana wa vidole viwili, kwa kuongeza vipande vya raba vilivyokatwa kwenye mpira wa bomba. Nyuma ya kioo huwa panabaki pengo ambalo hewa inalikimbilia kwa fujo kutoka juu. Ukiruhusu upepo kidogo upenye chini, pengo linajaa lenyewe na ile fujo ya juu inapoa. Kuzuia kila kitu kunaleta makofi, kuruhusu kidogo kunayatuliza. Fundi alituangalia tunavyokata mpira akasema watu wa elimu ya juu tuna mambo.

Matokeo yake si kama sebuleni tena. Upepo kiasi nimerudishiwa, naupata juu ya kifua, na jioni mabega yananikumbusha kidogo. Na yeye anaupata wa kwake, lakini umenyooka, haupigi, na helmeti zetu hazijagongana tena. Nikiwa peke yangu kwenda Morogoro ningeweza kukirudisha juu, ni boliti mbili tu na dakika tano. Sijawahi kukirudisha.

Kama unafikiria kufunga cha kwako, mambo machache ya haraka. Usikisafishe kwa petroli kama mafundi wanavyopenda, plastiki hiyo inaingia nyufa nyembamba na ukungu usiotoka. Maji na sabuni vinatosha. Kagua boliti baada ya safari ya kwanza, kisha kila mwezi. Usiku hakikisha taa haimuliki ukingo wa kioo ukakurudia machoni. Na kama kuna mtu anayekaa nyuma yako, mpeleke kwa fundi naye, apimwe akiwa amekaa.

Yule mteja alipiga simu mwisho wa mwezi wa pili, tuko mezani. Nilimsikia shemeji yenu akijibu, "Kaka, ile ina mwenyewe," halafu akabadilisha mada wakaanza kuongelea mpira. Mimi niliendelea kumenya chungwa langu.

Wiki iliyopita tulikwenda tena Mikese. Tulipoingia penye kibao cha 50 nikashusha gia, kusi ilikuwa inavuma kidogo kutoka mbele. Akanigusa bega. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kupiga kelele, nikamsikia neno kwa neno pamoja na vizibo vyangu masikioni: "Mama, simama hapo mbele, yule bibi ana mihogo ya kuchoma."